Gia ya Pili Kwenye Mteremko wa Kiabakari

Tangu nirudi kazini Bugwema hakuna asubuhi niliyowasha trekta bila mtu kuja kuegemea tairi na kuniuliza kama ni kweli. Mmoja amesikia kwamba tulipinduka, mwingine kwamba tulikufa, na mama Veronika wa jikoni anaapa kwamba mjomba wangu alirushwa hadi juu ya mti. Nimechoka kurudia vipande vipande. Naandika hapa safari yote kama ilivyokwenda, msome kwa zamu, na atakayetaka kubisha akabishane na mjomba mwenyewe kule Butiama, maana yeye ndiye anayeipenda habari hii kuliko sisi wote.

Bugwema hadi Musoma

Mdogo wangu Masatu wengi wenu mnamfahamu. Alitoka hapa kijana mwembamba, akaenda pwani, akapata kazi ya kupika kwenye meli za Wazungu, akapotelea huko miaka mingi. Mwaka huu amerudi. Na kwa kuwa siku hizi mwenye fedha zake za nje anaruhusiwa kuleta kitu, watu wanaleta mashine za kusaga na pikapu za kubebea samaki. Masatu ameleta gari la milango miwili, la rangi ya chungwa bivu, fupi kiasi kwamba ukisimama kando yake paa linakufika kiunoni. Mama alipolisikia alisema, "Hilo litabeba gunia gani?"

Alinitumia habari kwa mwenye lori la mihogo kwamba ameumia mguu na Jumamosi ni lazima awe Bunda. Sababu ya Bunda naijua. Kuna mwalimu anaitwa Nyamisana, walipendana kabla hajasafiri, na binti wa watu amemsubiri muda wote huo kwa ahadi ya mdomo tu. Baba yake, Mzee Kitigwa, amesubiri kwa hasira. Masatu aliporudi na kutuma salamu, mzee alimjibu kwa ufupi: njoo Jumamosi na mkubwa wenu, kabla jua halijazama. Usipokuja, Jumapili nawapokea watu wa Ukerewe, ambao hawajaacha kubisha hodi.

Mkubwa wetu, kwa vile baba ni marehemu, ni mjomba Wambura wa Butiama. Kwa hiyo njia ilikuwa Musoma, Butiama, halafu Bunda. Nikapanda lori la mihogo Ijumaa, nikafika Musoma nikiwa mweupe kwa unga kama mtu aliyetoka kwenye mashine.

Musoma

Masatu alikuwa amepanga chumba karibu na Mwigobero, kwa mama mmoja wa Kiislamu anayeuza vitenge, Bi Zuhura. Nilimkuta kakaa barazani, mguu wa kushoto umevimba kama papai, umefungwa kitambaa cheupe. Alikuwa ameshuka kwenye mtumbwi kununua samaki akakanyaga gogogo. Mnawajua wale samaki na mwiba wao. Nilicheka kidogo, kisha nikaacha nilipoona hawezi kukanyaga chini.

"Mguu wa klachi, dada," akasema. "Ungekuwa wa kulia ningejaribu."

"Na mimi ndiye nikuendeshee?"

"Wewe si unaendeshaga kila kitu huko Bugwema?"

Bi Zuhura alitupa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Chai haikuwa na sukari, maana madukani haikuwapo. Kwenye buti la gari, nilikuja kuona baadaye, mlikuwa na sukari, sabuni za miche, vitenge na mafuta ya kupikia, vyote vya wakwe. Bi Zuhura alijua. Alikuwa akikoroga chai yake isiyo na kitu, taratibu, huku akimtazama Masatu usoni, na Masatu alikuwa akitazama ziwa.

Jumamosi asubuhi nikaingia ndani ya gari. Nasema nikaingia, lakini ni kushuka, kama unavyoshuka kisimani. Usukani ulikuwa upande wa kushoto, na rungu la gia lilikuwa mkono wangu wa kulia. Hilo halikunisumbua, trekta langu nalo lina mambo yake. Kilichonisumbua ni mpangilio. Land Rover yetu ya hapa, gia ya kwanza iko juu kushoto. Ndani ya gari lile, pale juu kushoto pana rivasi. Ya kwanza iko chini yake, ya pili juu katikati, ya tatu chini katikati, na ya nne juu upande wa kulia. Masatu alinieleza mara nyingi. Nikasema nimeelewa, nikatia kile ambacho mkono ulijua ni cha kwanza, gari likarudi nyuma juu ya jamvi la dagaa la jirani.

Jirani alipiga kelele. Bi Zuhura akatoka, akaokota dagaa mmoja aliyebanwa, akamtazama.

"Huyu amekufa kifo cha kizungu," akasema, na jirani akacheka kwa kuwa hakutegemea. Tukasamehewa. Masatu akafungua buti, akampa Bi Zuhura mfuko wa sukari, akampa jirani mche wa sabuni. Nadhani aliona afadhali aanze kutoa mapema.

Musoma hadi Makutano

Lami ya barabara ile ni ya vipande. Kwenye lami gari lile linakwenda kama linateleza kwenye mafuta. Kwenye mashimo tumbo linakwaruza na Masatu anafumba macho. Niliendesha polepole, nikiitaja kila gia kwa sauti kabla ya kuitia. Watoto walikimbia kando yetu wakipiga mayowe. Mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli akavua kofia, sijui alidhani ni nani amepita.

Makutano palikuwa na kizuizi. Polisi alikuja moja kwa moja dirisha la kulia, alikokaa Masatu, akainama sana.

"Leseni."

"Mimi siendeshi, afande."

"Huendeshi na umekaa kwa dereva?"

"Dereva ni dada yangu, huyo upande wa pili."

Polisi akachungulia ndani kutafuta usukani mbele ya Masatu, asiuone. Akasimama wima, akazunguka gari lote, akaja kwangu. Alitazama mikono yangu, akautazama usukani, akarudi tena upande wa Masatu kuhakikisha kwamba hakuna mwingine.

"Na ukitaka kupita gari jingine," akaniuliza, kwa udadisi kuliko ukali, "unaonaje mbele, na wewe uko upande wa majani?"

Nikamwambia Masatu ndiye anayetazama na kuniambia.

"Kwa hiyo mnaendesha wawili."

Akaenda kumwita mwenzake aje aone. Mwenzake alikuwa anakula. Tukasubiri amalize. Kisha yule aliyekuwa anakula akataka kusikia honi, akataka kuona taa zile zinazojifunika, akauliza kama linakunywa petroli au spiriti. Jua likapanda. Mwishowe walitufungulia na kutupigia saluti, wakicheka.

Butiama

Nilitegemea Butiama watakusanyika. Hawakukusanyika. Kule wamezoea magari ya wageni, ya kila umbo na yenye bendera, yakipanda kilima na kushuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta mtama alitutazama mara moja akaendelea na kazi yake. Masatu aliumia kidogo, niliona.

Mjomba Wambura alikuwa tayari. Alivaa koti lake zito la kijivu na kofia, ameshika fimbo, na alikuwa amekaa nje tangu asubuhi. Alilizunguka gari kama anavyozunguka ng'ombe wa mnadani.

"Mbuzi wangu wananizidi kimo nikikaa humo," akasema.

"Mjomba, ni la kwenda haraka."

"Jeneza nalo linakwenda haraka siku yake ikifika."

Ilibidi shangazi, mkewe, atoke aseme maneno. Aliyasema kwa Kizanaki, mengi, na sitayaandika. Mjomba akakubali, kwa sharti kwamba yeye hakai nyuma. Nyuma penyewe palikuwa na kijikiti cha kuwekea koti. Basi Masatu akaingia huko, akajikunja ubavu, na ule mguu mbovu akaunyoosha katikati ya viti viwili vya mbele, ukaegemea upande wa mjomba, kando kabisa ya rungu la gia. Tukauwekea kitenge kilichokunjwa chini yake. Nakumbuka nilijaribu gia nikaona nikitia ya nne naugusa.

"Utavumilia?"

"Nenda tu, dada. Muda umekwisha."

Butiama hadi Kiabakari

Mjomba alishika fimbo kwa mikono miwili, midomo ikimchezacheza. Nadhani alikuwa anasali. Baada ya kona chache aliacha kusali. Baada ya nyingine akafungua kioo. Tulipoingia barabara kuu ya Bunda, alikuwa ametoa kiwiko nje na kofia ameiweka mapajani.

"Hebu ongeza kidogo," akasema.

Mbele yetu palikuwa na lori linakwenda Bunda, tupu, likitupa vumbi lote juu yetu. Tulilifuata mwendo mrefu. Mjomba akaanza kupangusa koti lake.

"Mpite huyu. Nitaingiaje kwa wakwe na koti la namna hii? Mpite, mbele ni kweupe. Mimi naona mbele, njoo!"

Barabara inateremka pale kabla ya Kiabakari, mteremko mrefu ulionyooka, huku mashamba ya pamba na kule mashamba ya pamba. Nilikuwa kwenye gia ya tatu. Nikatoka kando ya lori, nikakanyaga mafuta, na gari likachomoka kwa namna ambayo lilikuwa halijanionyesha hata mara moja. Mjomba akapiga ukelele wa furaha. Injini ilikuwa inalia, ikitaka gia ya nne. Nikakanyaga klachi, nikasukuma rungu juu.

Ya nne iko juu kulia. Kulia ndiko mguu wa Masatu ulikokuwa. Mkono ulikumbuka mguu kuliko ulivyokumbuka gia. Ukaukwepa, ukapanda moja kwa moja, na nikaachia klachi gari likiwa kwenye gia ya pili, kwa mwendo ule.

Sijui niwaelezeje mlio ule. Mmewahi kusikia msumeno wa mashine ukikutana na msumari ndani ya ubao? Mshale wa mizunguko uliruka hadi mwisho ukakaa huko. Magurudumu ya nyuma yakashikwa kama mtu ameyafunga breki, mkia wa gari ukaenda upande, lori likatupita kushoto kwetu na vumbi lake, kisha ndani ya injini kitu kikapiga mara moja, kwa nguvu, kikanyamaza. Tulivuka ukingo wa barabara kwa ubavu, tukaingia kwenye pamba. Mashina yakawa yanapiga chini ya sakafu, pa pa pa pa, mpaka tukasimama.

Lori halikusimama. Dereva wake nadhani hakutuona kabisa.

Kwenye pamba

Wa kwanza kusema alikuwa mjomba. Alisema, "Mbona umesimama?"

Masatu alikuwa ameshika mguu wake, machozi yanamtoka. Rungu lilikuwa limemgonga hata hivyo. Nilipogeuza ufunguo, injini ilizunguka wepesi mno, kama pedali za baiskeli iliyokatika mnyororo. Nikazungusha tena, nikaacha. Ninyi wa karakana mnajua maana yake. Mimi nilijua kabla sijafungua boneti: injini imekatika ndani, haitawaka tena.

"Dada," Masatu akasema. "Umetia ya pili."

"Nimetia ya pili."

Basi. Ningependa angenitukana. Alijilaza pale nyuma akatazama juu, na baadaye, si kwangu, akasema, "Nimemenya viazi vya watu bahari zote kwa ajili ya kitu hiki." Nikatoka nje, nikasimama mbele ya boneti, mikono kichwani. Sikujua niiweke wapi.

Mjomba alipojaribu kusimama akaona kizunguzungu. Nikamlaza chini kwenye kivuli cha gari. Nzi walikuwa wengi, basi nikamfunika kitenge kimoja cha wakwe, mwili na uso. Masatu alibaki ndani, mlango wazi, ule mguu wenye kitambaa cheupe ukining'inia nje.

Kutoka upande wa nyumba akaja mwanamke mtu mzima na tenga kichwani, bila haraka. Baadaye tulijua anaitwa Mama Nyanjura, ni mjane, na shamba ni lake. Alimtazama mjomba, akatazama mguu, akanitazama mimi.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama."

"Basi mshukuru. Na pamba yangu je?"

Akageuka nyuma, akaona njia ambayo gari lilikuwa limejichorea, mashina yamelala na pamba nyeupe imezagaa kwenye vumbi. Akapiga magoti akaanza kuiokota, huku akilalamika kwa sauti ya juu ya kuvuta. Ndipo, mikono yangu imerudi kichwani, lilipopita basi la Bunda. Lilipunguza mwendo, abiria wote wakaja madirisha ya upande wetu. Nilitaka kulipungia, lakini kabla sijashusha mikono kichwani dereva akaongeza mafuta wakaenda zao. Nikasema moyoni, watu wa siku hizi hawana huruma. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Mama Nyanjura hakutaka fidia. Alisema neno moja tu, kwamba pamba ikilala chini mpaka jioni itaingia uchafu na pale kituo cha kununulia wataiweka daraja la chini, kwa hiyo tuokote.

"Mimi nina safari, mama," nikasema. "Jua likizama kabla hatujafika Bunda, ndugu yangu amekosa mke."

"Mko wangapi? Okoteni haraka."

Tukaokota. Masatu alikuwa anatambaa kwa makalio kati ya mistari, akivuta gunia. Mjomba alijifunua kitenge, akauliza tunafanya nini, akavua koti na yeye akainama. Hata sasa namwona mdogo wangu na viatu vyake vya Ulaya, mikono imechanika kwa vikonyo, akipuliza vumbi kwenye kila kitita kama alivyoelekezwa. Tulipomaliza, yule mama alitupa ugali wa mtama na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilimuuliza kama kuna furu, wale samaki wadogo wa kukausha, tulivyozoea. Akasema furu sasa ni wa kuhadithia watoto, ziwa lote ni sangara.

Masatu alimpa mche wa sabuni kumshukuru. Aliunusa, macho yakamtoka, akauingiza kifuani upesi akatazama huku na huku.

"Nani kawaona mkipita nayo?"

"Mama, siku hizi inaruhusiwa."

"Inaruhusiwaga leo. Kesho wanakuja kupekua."

Jirani yake alileta maksai wa kulimia, wakafunga mnyororo, wakalivuta gari hadi uani kwake chini ya ghala la mtama. Mjomba aliingia ndani akakataa kushuka. Alikaa kiti cha mbele njia yote, kiwiko nje, akiwaita maksai kwa majina aliyowapa mwenyewe. Mwenye ng'ombe aliniuliza kwa upole kama gari hilo ni la kike. Sikujua alikuwa na maana gani, nikasema ndiyo.

Kiabakari hadi Bunda

Lori la kukusanya pamba ndilo lililotuokoa. Dereva wake alikubali kumweka mjomba na Masatu mbele, nami nikapanda juu ya magunia pamoja na wapakiaji. Mizigo ya wakwe tukaibeba. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka upande wa ziwa. Kila kituo cha kununulia pamba tulisimama, wakapima, wakabishana, wakapakia, na mimi huko juu nikilitazama jua kama mtu anayetazama maziwa jikoni.

Njiani tulipishana na pikipiki, inatoka Bunda kwa mwendo wa kutisha. Mwanamume mwenye kofia ya bwana shamba, na nyuma yake mwanamke amemshika kiuno, kitambaa cha kichwa kimeshuka shingoni, hajali. Wapakiaji walishangilia. Mimi niliwaza tu kwamba huyo naye ana haraka kama sisi.

Tuliingia Bunda jua limegusa mlima. Lori likatuacha karibu na soko, tukaenda kwa miguu, mjomba mbele na fimbo, Masatu ameniegemea begani akirukaruka. Tulikuwa tumejaa nyuzi za pamba nywele, nyusi na nguo. Kabla hatujafika tukasikia vilio.

"Kwa nani kuna msiba?" mjomba akamuuliza mtu.

"Kwa Mzee Kitigwa. Mkwe wake aliyetoka Ulaya amekufa na gari leo, kule Kiabakari. Yeye na mjomba wake. Abiria wa basi wamewaona, na gari lao la rangi ya chungwa."

Tulisimama pale barabarani. Ndipo yote yakanijia: mikono yangu kichwani, kitenge, mguu uliofungwa kitambaa, Mama Nyanjura amepiga magoti akilalama. Kweli, ni nini kingine wangekiona?

Mjomba ndiye aliyeingia uani kwanza. Mwanamke wa karibu na lango alipiga ukelele akakimbilia ndani, mwingine akaangusha sufuria. Mzee Kitigwa alikuwa amekaa kwenye kiti peke yake, kofia mikononi. Ni mtu mkubwa, sura kavu. Nilikuwa nimemwogopa kabla sijamwona. Aliinuka polepole, akamjia Masatu, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akaupapasa, na pamba ikambaki vidoleni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Na huyu?"

"Mimi ndiye maiti," mjomba akasema. "Nilikuwa nimefunikwa kwa sababu ya nzi."

Hakuna aliyecheka wakati huo. Masatu akauliza, "Nyamisana yuko wapi?" Wanawake wakatazamana. Mzee Kitigwa akaketi tena, akafuta uso kwa kofia yake.

"Aliposikia hakulia," akasema. "Alikwenda kwa bwana shamba akamwambia washa pikipiki. Mimi nilimkataza, nilisema maiti italetwa. Akaniambia, baba, sitaki iletwe na watu baki."

Mjomba aliona muda unakwisha. Akajikung'uta, akasimama katikati ya ua, akaanza maneno ya posa kwa utaratibu wake, ya sisi ni nani na tumeona nini nyumbani humu. Mzee Kitigwa akainua mkono.

"Kaa, ndugu yangu. Mimi nilitaka nimuulize binti mbele yenu kama anamtaka mtu huyu. Sasa nitauliza nini? Ameifuata maiti yake."

Jua lilizama wakati wanatuletea maji ya kunawa. Watu wa Ukerewe sijawasikia tena.

Bunda, kurudi Kiabakari

Pikipiki haikurudi jioni ile, na Masatu hakula. Asubuhi Mzee Kitigwa alimwomba yule dereva wa pamba, tukarudi wote: wazee wawili na Masatu mbele, mimi juu. Masatu aliniomba nikae upande ambao ataniona kwenye kioo. Sijui ilimsaidia nini. Lakini alinishika mkono kabla sijapanda, akasema, "Dada, gari ni chuma," na kwa mtu wa ukoo wetu hayo ni maneno mengi.

Kwa Mama Nyanjura tuliikuta pikipiki imeegemezwa ukutani, imeishiwa petroli, na bwana shamba amelala ghalani. Wazee walilikuta gari, mjomba akamfungulia mlango Mzee Kitigwa, wakaingia wote wawili, na kwa muda mrefu nilisikia honi.

Nyamisana alikuwa shambani na Mama Nyanjura, mgongo kwetu, nguo yake ya kufundishia ameipandisha ndani ya mkanda, anavuna. Alikuwa ameambiwa tangu jioni kwamba hakuna aliyekufa, kwamba tulikula ugali tukaenda zetu. Alikuwa na usiku mzima wa kulifikiria hilo. Masatu aliingia kati ya mistari kwa mguu mmoja, akishika mashina, akasimama nyuma yake. Alikuwa ameandaa maneno njiani, nilimwona akiyanong'ona kwenye kioo.

Nyamisana akageuka. Akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kile kitambaa cha mguu, mikono imejaa pamba.

"Kumbe uko hai," akasema.

"Niko hai."

"Basi shika gunia."

Masatu akalishika kwa mikono miwili, akalifungua mdomo, na Nyamisana akatia pamba ndani.